Strakti ndani ya strakti: jinsi Go inavyohifadhi data yenye ngazi

Oda ya duka la mtandaoni ina mteja, mteja ana anwani, na anwani ina mtaa na mji. Kando yake kuna orodha ya bidhaa, kila moja na jina, idadi na bei. Data inayobeba data nyingine ndani yake namna hii ndiyo data yenye ngazi.

Katika Go, lugha ambayo Google iliitangaza mwaka 2009, umbo hilo kwa kawaida hutamkwa kabla programu haijaanza kazi. Kila ngazi hupewa strakti yake, yaani aina ya data inayokusanya sehemu zenye majina (hapa strakti za Mteja na Anwani zimeachwa kwa ufupi):

```go
type Bidhaa struct {
    Jina  string
    Idadi int
    Bei   int
}

type Oda struct {
    Mteja Mteja
    Vitu  []Bidhaa
}
```

Ukikosea ukaandika `oda.Mteja.Anwani.Mjii`, kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, inakataa papo hapo. Mteja hatawahi kuliona kosa hilo.

Kuhifadhi ni kuugeuza mti huo wote wa strakti kuwa maandishi yanayoweza kukaa kwenye faili, mara nyingi kwa mtindo wa JSON, unaoandika data kwa majina na thamani zake. `json.Marshal` hushuka ngazi kwa ngazi na kuandika kila inachokikuta, `json.Unmarshal` husoma maandishi na kuujenga mti upya.

Sasa hapa ndipo pa kuwa macho, kwa sababu ulinzi wa kompaila hauvuki mpaka wa faili. Sehemu ikianza kwa herufi ndogo, tuseme `bei` badala ya `Bei`, haihifadhiwi kabisa, na `Marshal` hairudishi kosa lolote. Wakati wa kusoma pia, bei ikikosekana kwenye faili, Go inaiacha sifuri. Bidhaa isiyojulikana bei na bidhaa ya bure zinakuwa kitu kimoja, jambo la hatari kwenye mahesabu ya duka. Dawa yake ni kielekezi, yaani thamani inayoonyesha data ilipo au isiyoonyesha chochote: andika `Bei *int`, na bei isiyokuwepo itasomeka `nil` (hakuna kitu), si sifuri.

Wengi hukwepa kazi ya kutamka strakti na kumwaga kila kitu ndani ya `map[string]any`, ramani inayofunga jina na thamani ya aina yoyote. Kwa data ambayo umbo lake hulijui kabla, sawa. Kwa oda unayoijua ngazi zake zote, mimi naona ni kujinyima msaada wa kompaila bila sababu. Isitoshe, kwa njia hiyo kila namba kwa kawaida husomwa kama `float64`, aina ya namba za desimali ambayo haiwezi kushika kila namba nzima iliyo juu ya 9007199254740992. Namba ya muamala 9007199254740993 ikiingia, inatoka pungufu kwa moja, na muamala unatafutwa usionekane. Ukiitamka kuwa `int64`, aina ya namba nzima, ndani ya strakti, inarudi ilivyo, tarakimu zote 16.