Maji ni sifuri, ila si kwenye MRI

Daktari mmoja alinijia na CD mbili za mgonjwa yuleyule: kichwa kimoja, hospitali mbili. "Hili doa limezidi kung'aa, au ni macho yangu?" Macho yake yalikuwa mazima. Shida ni kwamba mng'ao wa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hauna mizani.

CT-scan, ile ya eksirei, imetudekeza. Vizio vya Hounsfield, yaani namba za mng'ao wake, vimefungwa pande mbili: maji 0, hewa −1000, iwe Mwanza au Mombasa. Pikseli ya MRI ni nguvu tu ya mawimbi ya redio yaliyotoka kwenye protoni za haidrojeni, yakadakwa na koili (antena ya mashine), yakakuzwa, kisha programu ya mtengenezaji ikayazidisha kwa namba yake yenyewe. Tishu ileile yaweza kusoma 230 hapa na 700 kule, na hakuna aliyekosea.

Wengi hudhani dawa ni kunakili itifaki, yaani mipangilio ya upigaji picha. Lakini kwenye sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5 protoni huitika kwa takriban megahezi 64, kwenye tesla 3 ni 128, na T1 ya ubongo, yaani muda wa protoni kurudi kwenye utulivu wake, hurefuka sumaku ikizidi nguvu. Nakili muda uleule, picha itatoka na sura nyingine. Majina nayo! Kwa picha za aina moja, mtengenezaji Siemens ana MPRAGE, GE ana BRAVO. Ni ndugu, si pacha.

Ninachokipenda mimi ni ADC, yaani kiwango cha maji kusambaa ndani ya tishu. Hiki kina kizio halisi, na jibu tunalijua kabla ya kupima: maji yaliyopozwa hadi nyuzi 0 husambaa kwa 0.0011 mm² kwa sekunde. Fantomu (vifaa vya kujaribia mashine badala ya mgonjwa) za kununua ni ghali, basi huchukua barafu kwa wauza samaki, nikazamisha chupa za maji kwenye ndoo ya plastiki na kusubiri joto litulie. Barafu haina mtengenezaji.

Hata hivyo, mara ya kwanza chupa ya katikati ilisoma vizuri, ya pembeni ikapotoka. Gradienti, yaani mteremko wa nguvu ya sumaku ambao mashine hutumia kupima, hupinda kadiri unavyoiacha katikati ya sumaku, na titi la mgonjwa, likipimwa, halikai katikati.

Yule daktari nilimwambia amrudishe mgonjwa kwenye mashine ya kwanza, koili ileile, itifaki ileile. Akapiga simu. Mashine ipo, wakamjibu, ila programu yake ilibadilishwa mwezi uliopita.