Adui Anayejua Ukosi wa Shati Lako

Rafiki yako hajui kwamba ukidanganya mkono wako hukimbilia ukosi wa shati. Adui wako anajua, maana amekuchunguza wiki nzima akitafuta pa kukupigia. Utamu wa riwaya za mapenzi ya shule ya upili, zile zinazoanza kwa chuki, uko hapo: chuki humpa kijana ruhusa ya kumkodolea mwenzake macho kutwa nzima bila kuulizwa anatazama nini. Miswada mingi ya aina hii huharibika kwa sababu mwandishi ameshughulikia matusi, akasahau macho.

Tuwachukue Atieno na Wekesa, Kidato cha Tatu, shule ya kutwa ya wavulana na wasichana upande wa Mamboleo, Kisumu. Wanagombea nafasi moja ya kuongoza timu ya mdahalo. Sura ya 2, Atieno anamwumbua mbele ya darasa: "Angalieni, ameshika ukosi. Hizo takwimu amezipika." Darasa linaangua kicheko. Sura ya 19, naibu wa mwalimu mkuu anamwuliza Wekesa kama nyumbani ni kwema. Anajibu ni kwema, na mkono unapanda ukosini. Atieno, aliyesimama mlangoni na rejista, ndiye pekee anayeelewa. Hasemi kitu. Jambo lilelile lililokuwa silaha sasa linamchoma yeye. Panda mambo matatu ya namna hiyo ndani ya sura 5 za mwanzo. Likiwa moja tu, msomaji atakuona unavyolipanga; yakifika saba, atayasahau.

Sisi wa magharibi mwa Kenya hatuna haja ya kuazima uadui kutoka riwaya za Marekani, zenye makabati koridoni na nyota wa timu anayependwa na shule nzima. Mechi ya kandanda ya AFC Leopards, klabu ya 1964, na Gor Mahia, ya 1968, tunaiita debi ya Mashemeji: wanaorushiana maneno uwanjani ndio hao hao wanaooana vijijini. Sauti unayoitafuta ni ile. Mchongoano, ule mchezo wa vijana wa kutaniana kwa maneno makali, nao unafundisha mpaka. Ukichongoa kichwa cha mtu, mtacheka wote. Ukichongoa ufukara wa mamake, mchezo umekwisha. Mvulana akiuvuka mpaka huo sura ya 3, machozi ya sura ya 27 hayatamwokoa. Huyo ni mnyanyasaji aliyepewa uso mzuri, na ninashangaa ni waandishi wangapi bado wanamwita mpenzi.

Chanzo cha ugomvi kisiwe jambo la kumalizwa kwa maongezi ya dakika mbili chini ya mwarobaini. Wape kitu kisichogawanyika, kama nafasi, kombe au ufadhili wa karo, na kila mmoja awe na haki yake. Msomaji asipojua amwunge mkono nani, umefaulu.

Shule za bweni za jinsia moja zina ugumu wake: wawili hawa watakutana wapi? Fanki moja ya Jumamosi, yaani tafrija ya kuwakutanisha wanafunzi wa shule mbalimbali, haitoshi kujenga uadui. Tamasha la maigizo linatosha, kwa kuwa hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Hiyo ni mikutano minne iliyokwisha kupangwa, kila mmoja ukiwa mzito kuliko uliotangulia. Ila angalia, wakishindana katika kitengo kilekile, tuseme shairi la mtu mmoja, mmoja ataondolewa mapema na hadithi itakufa naye. Badala yake mpe mmoja shairi na mwingine mchezo, wote wapande. Basi kutoka Kisumu kwenda Kakamega, kilomita 50 hivi kupitia Kiboswa, Majengo na Chavakali, lina nafasi ya kutosha kwa ugomvi mmoja na ukimya mmoja mrefu. Mvua ya alasiri utaipata bila kuitafuta.

Kwa riwaya ya sura 30 zenye maneno 1,500 kila moja, mimi huacha vita vitawale hadi sura ya 9. Kisha mwalimu awafunge nira moja. Usuluhishi wa kwanza uwe mdogo na uje sura ya 14 au 15: kuazimana kalamu, kuachiana kiti. Kosa kubwa linatokea hapa. Mwandishi huchoka na vita, anawapatanisha kabisa sura ya 12, kisha anabaki na sura 18 za watu wawili wanaopendana na wasio na la kufanya, ndipo analeta ajali ya barabarani. Hata baada ya usuluhishi, ile nafasi moja ibaki bado haijapata mwenyewe.

Kuhusu miili, wahusika wana miaka 16 hivi, na sheria ya Kenya inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Ishia kwenye mikono. Vidole vinavyogusana juu ya kitabu kimoja sura ya 20 vina moto wa kutosha, ikiwa sura 19 zilizotangulia zilifanya kazi yake.

Ungamo nalo lisiwe hotuba. Tumia ulichopanda. Atieno anamwuliza kama bado anamchukia. "Bado," anasema Wekesa, na mkono tayari uko ukosini.