Ndoana moja au mbili? Mi nishahamia kwenye moja

Aisee, haipiti siku mtu hajasimama hapa kibandani kuuliza kama nafungua bucha. Niko Moshi, nyuma kidogo ya soko la Mbuyuni, na ukutani nimetundika ndoana za saizi 9/0, 10/0, 11/0, kubwa kweli kweli, kwahiyo siwalaumu, mtu wa huku akiona chuma kimepinda hivyo anawaza mbuzi tu. Kazi yangu ni kufunga ndoana kwenye chambo za plastiki za kuburuza bahari kuu, zile zenye kichwa kigumu mbele na sketi nyuma zinazofanana na ngisi, nafunga, nafungasha, natuma kwa basi mpaka Tanga, na huko zinaenda kuburuzwa mkondo wa Pemba au kule Fungu Kizimkazi. Mi mwenyewe mtoto wa Tanga, nimefanya kazi kwenye boti za uvuvi wa kitalii kabla sijaoa Kibosho na kuhamia mlimani, ndo hivo, bahari nimeiacha ila mikono haijasahau.

Leo niongelee kitu ambacho wateja wananibishia kila kaskazi ikikaribia kuanza: ndoana ikae wapi, ikae vipi, na ziwe ngapi. Maana mtu anatoa hela ndefu kwa chambo cha kutoka nje, anachagua rangi nusu saa kama anachagua kitenge cha harusi, halafu ndoana anaifunga dakika mbili na kuiachia ining'inie humo ndani ya sketi. Rangi itamwita samaki, sikatai. Ila wa kumleta botini ni ndoana.

Cheki kwanza hali ilivyo kule nyuma. Boti inaenda noti 7 au 8 (maili za bahari kwa saa), chambo kinatoka juu, kinavuta hewa, kinazama kimeacha mkia wa mapovu, sekunde chache kinatoka tena. Nduaro anakuja anakipiga kwa ule mdomo wake mrefu au anakibana kwa pembeni, na mdomo wa nduaro ni mfupa mtupu, sehemu ambayo ndoana inaingia ikashika vizuri ni chache, kona ya taya hasa. Sasa kama ndoana inazunguka zunguka, mara ncha iko chini, mara imelala ubavu, mara imejikunja ikashika sketi yenyewe (hii nimeiona mara nyingi, chambo kinaburuzwa saa nzima kimepinda kama mtu ana tumbo la kuuma na hakuna aliyegundua), basi we hapo unacheza bahati nasibu.

Ndo maana mi nafunga ngumu. Nakata waya wa stenlesi ule wa nyuzi 49, kama sentimita 30, naupitisha kwenye jicho la ndoana, narudisha, nabana kwa krimpu (kijibomba kidogo cha chuma laini), halafu juu yake navalisha ile mipira ya mafundi umeme ambayo ukiipasha moto inasinyaa. Navalisha miwili, saa nyingine mitatu, mmoja juu ya mwingine, mpaka nikishika waya kule mwisho ndoana inabaki imenyooka mbele yangu kama kijiko, hainami. Na ncha inatazama juu. Kile kiungo cha waya na lida (ule mshipi mnene wa nailoni unaopita kwenye chambo) nacho nakivalisha mpira, maana hapo ndo watu wanasahau, wanaimarisha huku nyuma halafu huku mbele kumelegea.

Kuna wanaopenda ile ya kuning'inia na shako (kile kipingu kidogo cha chuma), wanasema samaki akijitikisa ndoana inageuka nae haing'oki. Wana hoja, na kwa chambo zenye vichwa vya kucheza sana inaweza kukaa vizuri. Mi bado naona unapoteza mengi wakati wa pigo ili kupata kidogo wakati wa vuta nikuvute.

Ikae wapi sasa. Mkunjo wa ndoana uwe sawa na mwisho wa sketi, au ndani kidogo. Ukiirudisha nyuma sana inakuwa mkia, chambo kinakufa, hakichezi. Na hapa ndo zinaingia shanga. Ndio, sketi na shanga, watu wa Tanga nyamazeni kidogo tuko kazini. Zile shanga ngumu za plastiki unazipanga kwenye lida kati ya kichwa na kiungo cha ndoana, ukiongeza ndoana inarudi nyuma, ukipunguza inakuja mbele, hivo chambo kimoja unaweza kukirekebisha bila kukata krimpu. Mi nanunua kwa mama mmoja hapo sokoni anayeuza za kushonea, hajawahi kuniuliza nazipeleka wapi na mi sijawahi kumwambia. Ukishamaliza kupanga unachukua kijiti cha meno, unakisukuma kwenye tundu la kichwa ubavuni mwa lida mpaka kikwame, unavunja kinachobaki, na hapo ndoana haiwezi tena kuzunguka yenyewe. Kijiti cha meno tu, ambacho pale kwa muuza nyama choma unapewa bure.

Saizi nayo. Usinunue kwa kuangalia samaki unayemtaka, angalia kichwa cha chambo. Kiingize kichwa kwenye uwazi wa ndoana, kati ya ncha na shina: kama kinajaa hapo, hiyo ndoana ni ndogo, maana samaki akibana kile kichwa ndo kinakuwa ngao yake. Uwazi uzidi kichwa. Kwa chambo kikubwa unajikuta 10/0 au 11/0, vidogo vya jodari na fulusi unashuka 7/0 huko.

Haya, moja au mbili. Zamani nilikuwa nafunga mbili kama kila mtu, moja imejificha ndani ya sketi ncha juu, ya pili nyuma ncha chini, na akili inakwambia mbili ni bora kuliko moja. Mpaka nikaanza kupiga hesabu. Mshipi wa kuhimili kilo 37, breki ya rili (lile gurudumu la kuzungushia mshipi) wakati wa pigo unaweka theluthi au pungufu, sema kilo 10 mpaka 12. Hiyo ndo nguvu yote uliyonayo ya kuzamisha chuma kinene kwenye kona ya taya, tena mshipi wenyewe wa nailoni unavutika na chambo kiko mbali. Sasa zikigusa ndoana mbili kwa pamoja hiyo nguvu inagawanywa, zote zinaingia nusu, na samaki akiruka mara ya tatu zote zimetoka. Ikigusa moja inazama mpaka kwenye mkunjo.

Alafu kuna mikono ya watu. Samaki yuko ubavuni mwa boti, ndoana moja imemshika, ya pili iko wazi inapepea, na kuna kijana ameshika lida anavuta. Mi nina kovu kwenye kiganja cha kushoto, sihitaji kuelezwa.

Kama bado unataka mbili, na wateja wapo, nakufungia, ila kwa sheria. Wale wa IGFA, chama cha tangu 1939 kinachotunza rekodi za dunia za uvuvi, wanasema ndoana zisizidi mbili, kati ya jicho na jicho isipungue urefu wa ndoana kubwa uliyotumia na isizidi sentimita 30 na nusu hivi, na ile ya nyuma isitokeze nje ya sketi zaidi ya urefu wake. Lida yenyewe kwa mishipi mizito isivuke mita 9.14. Mtalii wako akipata samaki wa rekodi halafu vipimo vikagoma, atakukumbuka vibaya.

Sasa kuhusu krimpu niseme ukweli wangu, maana hapa nimeshaharibu. Miaka kadhaa nyuma nilituma chambo sita, na nahodha akanipigia jioni moja, sauti imetulia, nikajua kuna kitu. Akasema, "Kaka, tumempigania dakika arobaini, lida imetoka nyeupe." Nikamwambia nirudishie kipande. Kilipofika nikakiweka kwenye taa: nailoni imekatwa pale pale mdomoni mwa krimpu, safi kama kwa wembe. Nilikuwa nimebana mpaka ukingoni, ukingo ukauma nailoni, na kila tikiso la samaki likawa linakata kidogo kidogo. Krimpu inabanwa katikati, miisho yote miwili unaiacha imefunguka kama tarumbeta ndogo. Ubane kwa koleo lake lenye vishimo vya saizi, plaizi ya kawaida inaponda upande mmoja tu. Na kwa nailoni tumia ya aluminiamu, ni laini, kwa waya tumia ya shaba, maana aluminiamu na stenlesi vikikaa pamoja kwenye chumvi aluminiamu inaliwa. Mwisho wa nailoni uachie milimita mbili tatu uchome na kiberiti iwe kijidonge, ila moto usiguse upande wenye kazi.

Kunoa nitapita haraka, hiyo ni kazi ya mkono sio ya maneno. Tupa ndogo, upande mmoja tu usiende na kurudi, mpaka ncha iwe na pembe tatu zenye makali, na kile kijino cha nyuma ya ncha ukikuta ni kirefu kipunguze, kinazuia ndoana kuingia. Iweke juu ya kucha ya gumba ivute taratibu: ikiteleza bado, ikikwama tayari. Ukimaliza paka maka peni nyeusi pale uliponoa, maana umeshatoa ule mpako wake na kutu inaanza siku hiyo hiyo.

Na kupima? Sina bahari hapa ila nina mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachaga. Kwa wakwe zangu Kibosho kuna mfongo unateremka kwa kasi nyuma ya mgomba, mvua zikiwa nzuri maji yanasukuma haswa. Nafunga lida kwenye mti, naachia chambo, nachuchumaa naangalia. Sio noti 7, najua, chambo hakitoi hata povu la maana, lakini kama ndoana inalala ubavu au inageuza kichwa unaiona pale pale, na afadhali uione kwenye mfongo kuliko kilomita 30 nje ya pwani. Mzee wangu wa ukweni mara ya kwanza alisimama muda mrefu na mbege yake, akaniuliza, "Baba, huyo samaki anapandia wapi?"

Mzigo wa Tanga nao una adabu yake. Kila ncha naivalisha kipande cha kandambili, halafu boksi gumu, halafu naandika kwa herufi kubwa VITU VIKALI. Zamani nilikuwa naweka kwenye mfuko wa salfeti tu, mpaka konda mmoja akaupakata kutoka Same mpaka Korogwe.