Chupa Kuingia Kwenye Rota Si Kufaa

Jumatatu iliyopita mwanafunzi alinijia na chupa sita za mililita 250, ng'avu kama bilauri mpya. Ndani mlikuwa na udongo wa bustani uliolowekwa usiku kucha kwenye soda kostiki, na kimiminika kilikuwa kimeiva weusi kama kahawa ya rangi. Alishapima uzito, alishazipanga mbili mbili, na alibakiza kubonyeza kitufe tu cha sentrifuji, mashine inayozungusha chupa kwa kasi ili udongo utue. Rota ni kile kichwa chenye matundu kinachoshika chupa ndani yake.

"Mama, zinaingia mu rota vizuri kabisa."

Nikamwuliza ni plastiki gani.

"Chupa ni chupa tu, Mama. Na hizi ndizo ngumu kupita zingine."

Maneno hayo nimeyasikia hapa Lubumbashi kutoka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na nimeyasikia kwa watu wanaoandika tasnifu. Safari hii nimechoka kuyajibu mlangoni pa chumba cha mashine, kwa hiyo nayajibu hapa kwa kirefu, na mwingine akija nitamtumia ukurasa huu kabla sijamruhusu kugusa sentrifuji.

Kwanza, geuza chupa uangalie kitako. Kuna herufi zimechongwa pale: PP ni polipropilini, PPCO ni ndugu yake anayevumilia baridi zaidi, PC ni polikaboneti. Ukikuta pembetatu yenye namba 7 peke yake, usijidanganye kwamba umeshajua, kwa sababu 7 maana yake ni "plastiki nyingine", na humo wamo wengi. Chupa isiyo na herufi wala jina la mtengenezaji mimi siizungushi. Itafaa kuhifadhia maji ya kusuuzia.

Zile sita za Jumatatu zilikuwa PC. Polikaboneti ni plastiki nzuri sana, nisieleweke vibaya. Inaonyesha mashapo vizuri, haipindi ovyo, inabeba kasi kubwa. Ukiigonga kwa kucha inalia kama kioo, na hapo ndipo watu wanapopotea: wanasikia ugumu, wanaona mng'ao, wanadhani wameshika kitu kisichoshindwa. Lakini polikaboneti ni minyororo mirefu iliyoshikana kwa viungo vya kaboneti, na alkali hukata viungo hivyo. Soda kostiki ya kutolea mboji kwenye udongo, ile ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) tunayoitumia kila wiki, ni alkali. Amonia ni alkali. Asetoni, klorofomu na fenoli nazo zinaila, kila moja kwa njia yake, na pombe kali huidhoofisha pia, hasa ikiwa chini ya mkazo.

Neno mkazo ndilo linaloruka vichwani mwa watu. Mtu ananiambia: "Nimeweka soda humo mezani siku mbili, haikupasuka." Mezani haivutwi na kitu! Chupa ya mililita 250 iliyojaa, ukiizungusha kwa nguvu ya 3,000 g, yaani mara 3,000 ya mvuto wa dunia, maji yaliyomo yanasukuma kana kwamba yana uzito wa kilo 750. Hiyo ni mifuko 15 ya saruji ndani ya chupa unayoibeba kwa vidole vitatu. Ufa mdogo ambao mezani ungelala miezi bila kusogea, ndani ya rota unavutwa ufunguke huku kemikali inauingia na kuendelea kukata viungo. Kemikali peke yake ingechukua muda. Nguvu peke yake chupa ingeibeba. Zikikutana, chupa inakwenda.

Niliwahi kuisikia ikienda, katika maabara nyingine miaka iliyopita. Mashine ilikuwa na dakika tano tu tangu ishike kasi. Ulikuwa mlio mmoja, kama jiwe limeangushwa juu ya bati, kisha mashine nzima ikaanza kutetemeka na kujizima. Tulingoja rota isimame kabisa ndipo tukafungua. Chupa moja ilikuwa vipande, kimiminika cha kahawia kimetapakaa mpaka kwenye ekseli, na sampuli ya wiki tatu imekwisha. Hiyo haikuwa hasara kubwa. Rota ilikuwa ya alumini, na soda kostiki inakula alumini. Tuliiosha upesi kadiri tulivyoweza, lakini siku chache baadaye ndani ya tundu moja vilionekana vishimo vidogo, kama ngozi iliyopona tetekuwanga. Rota yenye vishimo haiaminiki tena, kwa maana mkazo hukusanyika pale. Ikastaafishwa. Kwa hiyo mtu akiniambia anaokoa pesa kwa kutumia chupa zilizopo, namkumbusha kwamba chupa ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote humo ndani.

Mpaka leo sijui kwa hakika ni nini kiliiua chupa ile. Soda ilikuwemo, ndiyo. Lakini ilikuwa pia chupa ya zamani, imepita kwenye otoklavu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu, mara nyingi, na kila kupikwa kwa nyuzi 121 huipunguzia polikaboneti nguvu. Tena ilikuwa ikioshwa kwa sabuni ya unga ya kufulia nguo, ambayo nayo ni alkali. Labda soda ilimalizia tu kazi iliyoanzwa na sabuni. Wanafunzi wanapenda nitaje mkosaji mmoja, na mimi siwezi.

Kuhusu sabuni, ninaomba sana. Chupa za PC zioshwe kwa sabuni laini ya maji isiyo na alkali, kwa sponji, si brashi ya waya, kisha zisuuzwe mara kadhaa. Brashi inachora mistari, na kila mstari ni mahali pa ufa kuanzia. Kabla ya kuzungusha, inua chupa kuelekea dirishani, uizungushe polepole mkononi, uangalie shingoni na pale kitako kinapokutana na ukuta. Unatafuta vistari vyembamba kama uzi wa buibui, vinavyometa vikipata mwanga wa pembeni na kupotea ukigeuza kidogo. Ukungu mweupe usiotoka kwa kuosha ni dalili nyingine. Katika zile sita, mbili zilikuwa na buibui huyo shingoni. Mwanafunzi hakuwa ameziona mpaka nilipomshikisha kuelekea mwanga, akanyamaza.

Je, kila chupa yenye kistari itapasuka? Hapana. Nimewahi kuona chupa yenye mkwaruzo ikifanya kazi mwaka mzima bila tatizo, na nyingine iliyoonekana safi ikavuja siku ya pili. Jicho langu si kipimo. Ninazitoa zote zenye buibui kwa sababu kukosea upande huo kunagharimu chupa, na kukosea upande wa pili kunagharimu rota.

Sasa, kazi ya soda kostiki ifanywe kwenye nini? PP au PPCO, basi. Ni nyeupe za maziwa, hazipendezi, mashapo unayaona kwa shida, lakini zinavumilia alkali, asidi nyepesi na pombe, na zinaingia otoklavu. Kasoro ya PP ya kawaida ni baridi: ikikaribia nyuzi sifuri inaanza kuwa kavu kama ganda, kwa hiyo usiitoe kwenye friza na kuitumbukiza moja kwa moja kwenye rota. Ukifanya kazi kwa nyuzi 4 kila siku, agiza PPCO. Klorofomu usiizoeshe hata kwenye PP. Kuna FEP, plastiki ya jamii ya tefloni, inayovumilia karibu kila kitu, lakini ni laini, kasi yake ni ndogo na bei yake inatisha. Chupa za maji ya kunywa ni PET. Otoklavu inazikunja kama jani, na hazikutengenezwa kwa kazi hii. Nimeulizwa, ndiyo maana naandika.

Kosa la pili linalonikera ni mtu kuniambia chupa yake "inavumilia 4,000". Elfu nne nini? Mizunguko kwa dakika haisemi kitu mpaka ujue umbali kutoka ekseli hadi kitako cha chupa. Chukua umbali huo kwa sentimita, zidisha kwa mizunguko ikizidishwa kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 0.00001118, utapata g. Rota yenye sentimita 17, kwa mizunguko 4,000, inakupa kama 3,040 g. Rota ndogo yenye sentimita 9, kwa mizunguko ileile, inakupa 1,610 g tu. Karibu nusu! Utaratibu wa hatua kwa hatua tunaotumia kupima metali kwenye udongo, ule wa asidi asetiki 0.11 M kwa saa 16 za kutikisa, unataka 3,000 g kwa dakika 20. Kwenye rota ndogo lazima ufike mizunguko kama 5,460. Nimesahihisha ripoti ambazo mtu aliandika 3,000 akimaanisha mizunguko, kisha akashangaa kwa nini kimiminika chake bado kina vumbi na shaba yake imepanda. Shaba ile ilikuwa ndani ya chembe za udongo ambazo hazikutua.

Kiwango cha chupa husomwa pamoja na rota yake na adapta yake, yaani kile kipande kinachojaza nafasi kati ya chupa na tundu. Chupa ileile, ikikumbatiwa vizuri na tundu la rota, ukuta wa rota unaisaidia kubeba mzigo. Ikichezacheza kwa milimita chache, inabeba peke yake. "Inaingia" basi haitoshi. Inapaswa kukaa kama mguu kwenye kiatu chake. Na chupa yenye kitako cha koni inahitaji mto wake wa umbo hilohilo chini, la sivyo uzito wote unaangukia ncha.

Kujaza: kwenye rota ya pembe isiyobadilika, jaza angalau asilimia 80. Chupa nusu tupu inakunjwa na nguvu kwa upande usio na maji wa kuishikilia kutoka ndani. Lakini usifike mdomoni, maana humo kimiminika hupanda kuelekea kifuniko. Kwenye rota ya vikapu vinavyoinuka una uhuru zaidi. Usawazishe kwa mizani, pamoja na vifuniko, si kwa kulinganisha mistari kwa macho. Ukitumia kimiminika kizito, kama myeyusho wa chumvi ya tungsteni wa kutenganisha mboji, wenye gramu 1.8 kwa mililita, punguza kasi, kwa sababu rota nyingi zimepimwa kwa 1.2. Gawanya 1.2 kwa uzito wa mililita moja ya kimiminika chako, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa kasi ya juu inayoruhusiwa: 4,000 inakuwa kama 3,260.

Sisi tunaopima metali tuna shida ya ziada ambayo wenzetu wa vijidudu hawana. Mji huu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na udongo wa mtaa wa Penga Penga una shaba nyingi mno. Chupa iliyobeba udongo huo, hata ukiiloweka usiku mzima kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10, mimi sipendi irudi kubeba udongo wa shamba safi. Nimegawa chupa makundi mawili kwa alama za kalamu. Inawezekana shaba ninayoiona mara moja moja kwenye chupa ya majaribio isiyo na udongo inatoka kwenye plastiki, inawezekana ni mtu aliyeosha kwa haraka. Tangu nigawe makundi imepungua, na kwa wakati huohuo nilibadilisha pia zamu za kuosha, kwa hiyo sijui nishukuru kipi.

Zinki nayo ilitusumbua majuma mawili. Kila chupa tupu ilikuwa na zinki, tukabadilisha maji, tukabadilisha asidi, bure. Mwishowe nikavua mpira wa duara chini ya kifuniko, nikauloweka peke yake kwenye asidi, na zinki ikajitokeza yote. Mpira mweusi wa kawaida hutengenezwa kwa oksidi ya zinki. Tangu hapo ninauliza mpira ni wa aina gani kabla ya kuuliza bei ya chupa, na ninachagua silikoni.

Agizo letu jipya linapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia: chupa 12 za PPCO za mililita 250, adapta zake, na mipira ya silikoni 24, kwa kuwa mipira hupotea sinki mapema kuliko chupa kuchakaa. Mpaka lifike, mwanafunzi wangu anazungusha soda yake kwenye chupa nne za zamani za PP, zile nyeupe kama maziwa, awamu mbili mbili. Analalamika kwamba inamchukua siku mbili. Zile sita za PC nimezifungia kabatini. Nne zilizosalimika zitatumika kwa maji ya mto tu, na zile mbili zenye buibui nimezikata shingo kwa msumeno ili mtu asizirudishe.