Furaha Isiyotoka Mfukoni: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mengi yanayosemwa kuhusu furaha ya bure husemwa na watu waliokwisha kula na kushiba. Mtu anayedaiwa kodi ya nyumba akiyasikia huguna, na ana haki ya kuguna. Kwa hiyo tuanze na dhana inayomuudhi zaidi.

"Pesa hainunui furaha"

Ni nusu ya ukweli. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton walichambua majibu zaidi ya 450,000 ya Wamarekani, wakaona hali ya moyo ya kila siku hupanda pamoja na kipato hadi kama dola 75,000 kwa kaya kwa mwaka, kisha husimama. Mwaka 2021 mtafiti mwingine, Matthew Killingsworth, aliyekuwa akiwauliza watu kupitia simu zao wanajisikiaje saa ile ile, akakuta haisimami. Badala ya kurushiana maneno, Kahneman na Killingsworth walikaa pamoja na Barbara Mellers, na mwaka 2023 wakatoa jibu: kwa wengi furaha huendelea kupanda na kipato. Wanaokwama ni wale wenye huzuni kuliko wote. Kwao pesa hupunguza mateso mpaka mahali fulani, halafu hubaki yale isiyoyafikia, kama msiba au sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Dola hizo ni za Marekani, huwezi kuzihamishia Mbagala wala Kayole. Kinachohamishika ni hiki: pesa inayoondoa njaa, deni na hofu ya kutolewa vyombo nje ina uzito mkubwa, na si haki kumwambia mwenye sufuria tupu ahesabu baraka zake. Akiwa na deni, kazi ya kwanza ya bure ni kuchukua karatasi na kuandika nani anadai, kiasi gani, na mwisho lini. Kisha amwendee mwenye nyumba kabla ya tarehe, akiwa na kiasi anachoweza kutoa na siku ya kumalizia. Akienda tarehe ikiwa imeshapita, maneno yale yale yanasikika kama visingizio.

"Mkeka ukitiki, shida zimekwisha"

Mkeka ni orodha ya mechi unazozibashiri kwa dau moja, nao hutiki zote zikienda ulivyobashiri. Tufanye hesabu. Mechi ambayo kila upande una nafasi nusu kwa nusu, kampuni ya kubashiri haikupi odi (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda) ya 2.00, hukupa kama 1.90. Maana yake kwa kila shilingi 100 unazoweka, zinazorudi kwa wastani ni 95. Ukiunganisha mechi tano za namna hiyo kwenye mkeka mmoja, upungufu unajirudia mara tano, na wastani wa kurudi unashuka hadi shilingi 77. Mechi kumi, ni kama 60. Mkeka mrefu ndio unaotamanisha, na ndio unaokula zaidi.

Na ukitiki je? Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois na watu wengine 22 wa maeneo yale yale. Washindi hawakuwazidi wenzao furaha kwa tofauti ya maana, na mambo ya kawaida, kama kupiga soga na rafiki au kupata kifungua kinywa, yaliwapa raha ndogo kuliko wale wengine. Watu 22 ni wachache, hivyo utafiti huu peke yake haumalizi ubishi. Lakini jambo lililowapungukia, ile raha ya vitu vidogo, ndilo mtu asiye na hela anaweza kulitunza.

"Bila hela huwezi kukaa na watu"

Hii ndiyo inayoumiza wengi. Kijana hana kitu mfukoni, anaogopa zamu yake ya kununua soda itafika, anaacha kutokea kijiweni. Mama ameshindwa kutoa mchango wa harusi, anaanza kupita njia ya nyuma asikutane na wanakamati. Aibu inamtenga mtu na kitu chenyewe kinachoshikilia furaha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938, na ambao umewafuata watu wale wale kwa miongo mingi, ulikuta kwamba walioridhika na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80, na kiashiria hicho kilishinda hata kiwango cha lehemu (kolesteroli) kwenye damu.

Suluhisho ni kuondoa ununuzi kwenye mkutano wenyewe. Pangeni siku moja isiyobadilika, kwa mfano Alhamisi baada ya isha, wakati kila mtu ameshakula kwake, ili mwenyeji asibebeshwe chakula. Kaeni barazani au nje ya nyumba. Tangu siku ya kwanza kubalianeni kwamba hakuna ofa, hata kwa yule aliyepata. Akianza mmoja kununua, wiki ya tatu wasio nacho hawaonekani. Usiseme "tutaonana siku moja". Siku hiyo haifiki.

Mkihitaji cha kuwakutanisha, bao lipo, na si lazima kulinunua. Chimbeni ardhini mashimo 32: safu nne, kila safu mashimo manane, kila shimo la kuingia vidole vinne. Kete ni 64, ziwe komwe au kokoto za ukubwa mmoja. Anayeanza acheze bao la kujifunza, kete mbili kila shimo. Akilimudu, aingie bao la kiswahili: kila mchezaji anaweka kete sita kwenye nyumba, yaani shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia, na 22 zinabaki mkononi. Hatua ya kunamua ni kuziingiza hizo moja moja. Zikiisha, mnaingia mtaji, yaani hatua ya kucheza kwa kete zilizomo mashimoni tu.

Mgeni huanguka mahali pawili. Anasahau kwamba palipo na la kula, kula ni lazima. Tena anarundika kete safu ya nyuma akidhani ni akiba, kumbe safu ya mbele ikikauka ameshindwa, hata nyuma kujae vipi. Uzuri wa bao ni kwamba wanacheza wawili lakini wanaofurahi ni wote waliozunguka, maana kubishia mchezo wa mwenzako nako hakulipiwi.

"Matembezi ya bure hayagharimu kitu"

Coco Beach ya Dar es Salaam, Forodhani ya Zanzibar, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Mombasa: kuingia ni bure, ila pesa hutokea njiani. Ukifika na njaa, harufu ya mihogo ya kukaanga na mishikaki itakumaliza, hasa ukiwa na watoto. Kuleni nyumbani kwanza, bebeni maji, na pangeni nauli ya kurudi kabla ya kutoka. Kama hata nauli ni shida, tembeeni mtaani kwenu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakaza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inatosha. Kipimo chake: uweze kuongea huku unatembea, lakini ushindwe kuimba.

"Kupumzika ni kulala na simu"

Simu inakula bando na usingizi kwa pamoja. Iache chumba kingine saa moja kabla ya kulala.

"Shukuru kila siku, hata kama hujisikii"

Shukrani inafanya kazi, lakini kwa kipimo. Katika utafiti wa Robert Emmons na Michael McCullough wa mwaka 2003, kundi moja la wanafunzi liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, mambo yasiyozidi matano waliyoyashukuru, nao wakayaona maisha yao vizuri kuliko wenzao walioandika kero. Watu wakisikia hivyo hugeuza kuwa wajibu wa kila usiku, na baada ya muda wanaandika "afya, familia, uhai" bila moyo wowote. Chagua siku moja ya wiki. Andika matukio, usiandike makundi: "jirani alianua nguo zangu mvua ilipoanza" ni bora kuliko "majirani wema". Kisha mwambie huyo jirani. Hapo ndipo penye faida kubwa, na ndipo wengi wanaporuka.

"Ukifanya haya yote, huzuni itaondoka"

Huzuni ya kawaida, huenda. Sonona ni ugonjwa, na anayeugua hakosi shukrani wala imani. Mazoezi yana nguvu ya kweli: katika utafiti wa James Blumenthal wa mwaka 1999, uliohusisha wagonjwa 156 wa sonona, waliofanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki 16 walipata nafuu inayokaribiana na ya waliomeza dawa. Lakini walikuwa na wasimamizi, na dawa ilileta nafuu mapema zaidi. Aliyeandikiwa dawa asiache kwa sababu ameanza kutembea.

Harare, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianzisha mpango wa Friendship Bench, ambapo bibi waliopewa mafunzo hukaa benchini nje ya zahanati na kumsikiliza mgonjwa. Wanaorodhesha matatizo yake, mgonjwa anachagua moja, wanatafuta hatua ndogo ya kujaribu, kisha anarudi kueleza ilivyokwenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita wagonjwa waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Basi mtu akikaa wiki mbili mfululizo moyo ukiwa mzito karibu siku nzima, au hakuna kinachompa raha tena, aende kituo cha afya. Asiseme tu "sijisikii vizuri", maana atapimwa malaria na kurudishwa nyumbani. Aeleze analala saa ngapi, anakula kiasi gani, kazi gani zimemshinda, na kama mawazo ya kufa yamemjia. Hilo la mwisho likiwepo, asisubiri wiki mbili. Aende siku hiyo hiyo, na asiende peke yake.