Kumbeba mtoto mchanga si kumdekeza

Huko Kadutu, Bukavu, mama anayemfunga kitenge mgongoni mtoto anayelia bado huonywa kwamba anamdekeza na kwamba mtoto atazoea mikono. Onyo hili lina wenzake mbali: mwaka 1928 mwanasaikolojia John B. Watson wa Marekani aliwakataza wazazi kuwabusu na kuwapakata watoto wao. Hata hivyo, utafiti wa Hunziker na Barr, uliofanywa Montreal na kuchapishwa mwaka 1986, ulionyesha kwamba watoto wa wiki 6 waliobebwa kwa saa nyingi zaidi, hata wakiwa wametulia, walilia kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao. Mtoto wa umri huo hulia kwa njaa, uchovu au kutaka kuguswa; hila bado haziwezi. Anayedeka ni mtoto mkubwa kidogo asiyekatazwa lolote.