Kuidai Manispaa: Kesi Inavyoweza Kufa Kabla ya Shahidi wa Kwanza

Nilianza kazi ya sheria ndani ya halmashauri ya manispaa hapa Tanzania, nikaitumikia kwa miaka kadhaa, kisha nikahamia upande wa pili kuwawakilisha wananchi wanaoidai. Kote huko nimeona jambo lilelile: kesi nyingi dhidi ya halmashauri haziangushwi na ushahidi dhaifu, bali na kurasa za mwanzo za hati ya madai.

Kabla ya mwaka 2020, mfanyabiashara mmoja aliyevunjiwa kibanda alifungua shauri dhidi ya mwajiri wangu wa wakati huo. Alikuwa na risiti za ushuru na picha, na mashahidi wake wawili walikaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi. Hawakuitwa. Mama huyo alikuwa amemdai mkurugenzi, ilhali chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 mwenye nafsi ya kisheria ni halmashauri, nayo ndiyo hudai na kudaiwa kwa jina lake. Niliweka pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayosikilizwa kabla ya ushahidi, hakimu akalikubali, na kabla ya saa sita shauri likawa limeondolewa mahakamani. Ofisini nilipongezwa. Kama kibanda kilivunjwa kihalali au la, hakuna aliyeuliza.

Tangu marekebisho ya mwaka 2020, mlango umekuwa mwembamba zaidi. Zamani, kuijulisha halmashauri kusudio la kuidai kwa notisi ya mwezi mmoja kulitosha. Sasa Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inazihusu pia serikali za mitaa, kwa hiyo mdai hutoa notisi ya siku 90, nakala yake humfikia Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye lazima aunganishwe katika shauri, la sivyo mwenendo mzima unabatilika. Shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu, hata kama kinachodaiwa ni thamani ya meza mbili za mbogamboga. Kwa maoni yangu, hapo sheria imemlinda mwenye nguvu kupita kiasi.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni muda. Watu wengi wanajua kwamba madai ya madhara, yaani ya kufidiwa hasara uliyosababishiwa na mwingine pasipo mkataba, huwa na ukomo wa miaka 3, lakini Sheria ya Ukomo inatoa mwaka 1 tu kwa fidia inayotokana na tendo linalodaiwa kufanywa kwa mujibu wa sheria iliyoandikwa, na ubomoaji wa halmashauri karibu kila mara hutetewa kwa maneno hayohayo. Anayepoteza miezi minane akifuatilia barua kwa diwani, kisha akakosea jina la mdaiwa, huenda asipate nafasi ya kurudi. Ikiwa tingatinga limekwisha kupangiwa siku, siku 90 hazingojeki. Hapo huomba Mahakama Kuu itoe zuio la muda, lile mawakili tulilolizoea kwa jina la Mareva, wakati notisi ikiendelea kuhesabika.

Kushinda nako kuna ngazi yake. Dalali wa mahakama hawezi kukamata greda la manispaa na kulipiga mnada. Mshindi hupewa hati inayothibitisha kiasi anachodai, akaiwasilisha, akasubiri fedha zitengwe. Ndiyo maana mteja akinipigia simu kwa furaha siku ya hukumu, humwuliza kwanza bajeti ya halmashauri yao imefikia wapi.